SOMO: Kambare wa kwenye tangi (someni kabla ya kunipigia simu)

Kila wiki naulizwa yale yale. Haya hapa.

1. Tangi la saruji likiwa jipya, lijaze na kulimwaga mara kadhaa kwanza.

2. Maji ya pepo. Ya mfereji yaache wazi siku mbili, klorini itoke. Kisima kinachokolea chumvi achana nacho.

3. Nunua vifaranga wa ukubwa mmoja.

4. Kuchambua. Hapa ndipo watu wanapofilisika. Kambare mchanga hula nduguze. Humdaka mwenziwe mkiani, akamtafuna mpaka kichwani, kichwa akakitema. Ukiona vichwa vitupu ndani ya maji, umeshachelewa. Wakizidi kupishana ukubwa, mdogo humezwa mzima, huoni hata mwiba. Basi kila wiki mbili, asubuhi kabla jua halijakaza, watenge kwa mabeseni: wadogo, wa kati, wakubwa. USIWALISHE kabla ya kazi hiyo. Na angalia mapezi ya ubavuni, yana miiba.

5. Wavu juu. Usiku wa mvua hutoka wakatambaa.

Swali: Wangu wamepungua nusu na sijaona hata mzoga mmoja. Jirani ananiibia?

Jibu: Muombe jirani radhi, kisha soma namba 4.

Swali: Pampu ya hewa ni lazima?

Jibu: Kwa vifaranga wachanga, ndiyo. Wakikua huota kiungo chenye matawimatawi juu ya matamvua, wakawa wanapanda juu kuvuta hewa. Usiwazuie kupanda.

Swali: Ami, niliwahi kuishi Rufiji. Mvua zikianza, kambare hujaa mabondeni. Mbona kwenye tangi hawatagi?

Jibu: Umeuliza la maana, mwanangu. Kinachowaamsha ni mafuriko. Maji yakifunika majani makavu, hupanda huko usiku. Dume hujikunja kuzunguka kichwa cha jike, mayai yakanata kwenye majani, kisha wote wawili hurudi kwenye kina; hakuna anayelea. Tangini hakuna mafuriko, ndiyo maana wazalishaji huwapiga sindano ya homoni. Jike hukamuliwa mayai akabaki hai. Dume hakamuliki, huchinjwa.

Swali: Hana magamba. Halali?

Jibu: Kwa sisi Mashafi, halali. Mwenye madhehebu mengine amuulize sheikh wake, mimi ni mfugaji.

Mchangiaji: Ute wake unanishinda jikoni.

Jibu: Msugue kwa majivu, umsuuze, kisha ndimu na chumvi. Ndiyo umtie kwenye tui.