Kuvunwa seli shina za damu ukiwa na kansa ya matiti: jinsi ya kujiandaa

Kabla hata ya kufikiria sindano, muulize daktari wako, hii ni tiba ya kawaida au ni utafiti? Usione aibu kuuliza. Miaka ya 1990 wanawake wengi wenye kansa ya matiti walipigwa kemo kali mno halafu wakarudishiwa seli shina zao wenyewe, yaani seli mama zinazozalisha damu, maana kemo kali hivyo inaziua, ila mwaka 1999 majibu ya tafiti kubwa yalipotoka ikaonekana kwa ujumla hawaishi zaidi ya waliopata kemo ya kawaida, na ule utafiti wa daktari Bezwoda wa Afrika Kusini uliokuwa unasifia sana, mwaka 2000 ikagundulika data zimechakachuliwa. Kwa hiyo siku hizi sio tiba ya kawaida ya kansa ya matiti, ukiambiwa ufanyiwe basi dai fomu za utafiti uzisome taratibu nyumbani.

Haya, umekubali. Seli shina zinakaa kwenye uboho wa mifupa, kwenye damu inayozunguka zipo chache sana, sasa kazi yote ni kuzitimua zitoke huko zije kwenye mishipa. Dawa yenyewe ni filgrastimu, sindano ya chini ya ngozi, tumboni au pajani, mara nyingi mikrogramu 10 kwa kila kilo ya uzito kila siku, na siku ya 5 hivi ndo unavunwa. Wengine wanaanziwa na kemo ya siklofosfamidi kwanza, hapo chembe nyeupe zinashuka chini kabisa halafu zinapanda kwa kishindo na seli shina nyingi zinatoka nazo, ila inachukua kama wiki moja na nusu mpaka mbili na katikati hapo huna kinga, joto likifika 38 usisubiri asubuhi, nenda hospitali.

Mifupa itauma. Kiuno, nyonga, kifua, wengine wanasema kama inapigwa nyundo kwa ndani. Parasetamo inasaidia lakini pima joto kwanza ndo umeze, maana inaficha homa, na aspirini na ibuprofeni usiguse bila kuuliza kwa sababu chembe sahani, zile za kugandisha damu, zinaweza kuwa chini. Maumivu makali juu ya tumbo upande wa kushoto au kwenye bega la kushoto ni kitu kingine kabisa, hiyo inaweza kuwa bandama, piga simu saa hiyohiyo.

Namba ya kufuatilia inaitwa CD34, ni alama iliyo juu ya seli shina, wanahesabu seli zenye alama hiyo kwenye damu yako. Ikifika kati ya 10 na 20 kwa kila mikrolita ya damu, vituo vingi vinaanza kuvuna. Lengo ni kuvuna angalau seli milioni 2 kwa kila kilo ya uzito wako, milioni 5 ndo safi, yaani mtu wa kilo 60 anahitaji milioni 120 kwa uchache na akipata milioni 300 anapumua. Kama ulishapigwa kemo nyingi au mionzi huko nyuma, zinaweza kugoma kutoka, sio kosa lako. Ipo dawa ya kuongezea, pleriksafori, inachomwa usiku, kama masaa 11 kabla ya kuvuna, ila Marekani iliidhinishwa mwaka 2008 kwa limfoma na mayeloma, ambazo ni kansa za damu, sio kwa matiti, kwa hiyo uliza mapema kama kwako itatumika na nani analipa.

Siku ya mashine, ile inayopitisha damu yako na kuchuja seli shina, nenda chooni kwanza, nasema kweli, utakaa masaa 4 mpaka 6 na mikono huwezi kuisogeza. Kama ulitolewa tezi za kwapani waambie ni mkono upi kabla hawajachoma, na mishipa ikiwa myembamba watakuwekea katheta, yaani mrija, shingoni, kwa hiyo vaa shati la vifungo. Midomo na vidole vikianza kuwasha kama ganzi sema hapohapo, ni dawa ya kuzuia damu isigande inashusha kalsiamu, nesi anapunguza spidi au anakupa kalsiamu basi. Seli zisipotosha siku moja unarudi kesho yake.

Zikishapatikana zinagandishwa kwa naitrojeni na dawa ya DMSO ili zisipasuke. Siku ukirudishiwa, hiyo DMSO inatoka kwa pumzi, chumba kizima kinanuka kitunguu saumu siku moja mbili, wewe mwenyewe hata huisikii, wanaokuja kukuona ndo wanakunja pua.