Kabla ya kutoka Goma kwenda kutembea siku moja kando ya Ziwa Kivu

Njia ya Kongo-Nili inafuata ukingo wa Ziwa Kivu upande wa Rwanda kwa kilomita 227, kutoka Rubavu hadi Rusizi mkabala na Bukavu, na mkaaji wa Goma anaweza kuonja kipande chake cha kwanza akarudi kulala kwake. Kinachoharibu safari hiyo mara nyingi ni mpaka kuliko miguu. Jioni ya kuamkia safari, ulizia kama mpaka uko wazi na unafungwa saa ngapi, kwani mwezi wa Juni 2022 saa ya kufunga ilirudishwa ghafla hadi saa 9 alasiri. Ukishaijua, hesabu kinyumenyume: toa muda wa foleni, toa muda wa kurudi mpakani kwa moto (pikipiki ya abiria), na kinachobaki ukigawe mara mbili, ndipo utajua pa kugeukia. Hakikisha pia kwamba karatasi unayovukia inakuruhusu kwenda mbali kuliko mji wa Rubavu. Kwa anayeanza, chemchemi za maji moto za Nyamyumba zinatosha kuwa pa kugeukia. Asiyezoea vilima asijidanganye kwamba atazidi kilomita tatu kwa saa.

Usichague Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa sababu asubuhi hiyo Wanyarwanda wako kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya jamii ambayo ni kama salongo yetu, na magari husimama hadi kazi iishe.

Chakula kisifungwe kwenye sashe, kwani Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008 na mizigo hukaguliwa. Chikwange, yaani mkate wa muhogo, haina shida ndani ya majani yake. Mayai ya kuchemsha na ndizi viingie kwenye bakuli lenye kifuniko. Beba maji ya kutosha na kofia, kwa kuwa ziwa liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari na jua lake huunguza hata kukiwa na upepo wa baridi.

Sisi tuliozoea mawe meusi ya volkano, yanayokauka mara mvua inapokatika, hushangazwa na udongo wa vilima vile: unashika soli, unajaa, hadi kila kiatu kinakuwa kizito kama tofali. Vaa viatu vyenye meno, vilivyokwisha kuzoea mguu wako.

Badilisha pesa upate faranga za Rwanda mapema, na uweke kando nauli ya kurudi. Moto ya Rwanda hubeba abiria mmoja tu, naye lazima avae kofia ngumu, kwa hiyo marafiki wawili wahesabu nauli mbili.