Suka ukili wako mwenyewe
Mwenzangu unayeuguza mzazi, unayelea watoto wako na wa ndugu zako, na kila harusi ya mtaani jikoni ni wewe: ukifika pahala unalia kwa kuitwa jina tu, hujawa mtu mbaya, umechoka. Mimi kilichoniinua ni ukili, ule utepe mrefu wa kusuka unaoshonwa ukawa mkeka. Nunua miyaa kidogo, yale majani ya kusukia, hata iliyokwishatiwa rangi, ukae barazani baada ya alasiri, nusu saa. Vidole vinafuata miyaa, kichwa kinanyamaza. Ukiitwa unaweka chini, ukirudi unaendelea ulipoachia. Ila usipokee oda ya mkeka wa mtu, hata wa wifi yako. Ukishaahidi siku, hiyo ni kazi nyengine. Wangu umefika pima tatu, na bado sijaamua utakuwa nini.