Kuchaji na kutunza betri za gari la umeme la shambani (volti 48)

Nimetoka kumsaidia msimamizi wa shamba la kahawa nje kidogo ya Arusha. Gari lake la kubebea magunia lilikuwa likiishiwa nguvu kabla ya mchana, na fundi alikuwa ameshamwandikia bei ya betri nane mpya. Tulipopima, saba zilikuwa nzima. Naandika kwa wenye magari kama hilo: betri nane za maji (za risasi na asidi), za volti 6 kila moja, zilizounganishwa kwa mfululizo.

1. Chaji kila jioni, hadi chaja imalize yenyewe

Hata kama gari limefanya kazi nusu saa tu. Ushauri wa kusubiri betri ziishe kabisa ndipo uchaji hauzihusu betri hizi. Zikikaa na chaji pungufu, salfati (fuwele ngumu) hugandia kwenye pleti, vile vibao vya risasi vya ndani, na nafasi ya kuhifadhi umeme hupungua moja kwa moja. Usizishushe chini ya nusu. Chajia penye hewa ya kutosha, mbali na jiko na mashine ya kuchomelea, kwa sababu haidrojeni inayotoka inaweza kulipuka ikifika asilimia 4 ya hewa.

2. Maji

Ongeza baada ya kuchaji, si kabla, kwani maji hupanda wakati wa kuchaji na asidi itamwagika. Ila ukikuta pleti ziko wazi, zifunike kidogo kwanza, chaji, kisha jazia hadi milimita 3 chini ya shingo ya tundu. Soma chupa kabla ya kununua: madukani watu huita "maji ya betri" vitu viwili tofauti, maji na asidi. Unachotaka ni maji yaliyotoneshwa (yaliyochujwa kwa mvuke, yasiyo na madini). Asidi usiongeze kamwe.

3. Kutafuta betri inayoangusha wenzake

Hapa ndipo watu hupoteza siku nzima, na hela.

Usipime mara tu unapochomoa chaja. Wakati huo betri mbovu nayo huonyesha namba nzuri, kwa kuwa kuna chaji ya juujuu ambayo bado haijatulia. Liache gari lipumzike saa 6 angalau. Mimi huliacha hadi kesho yake. Halafu pima kila betri peke yake kwa multimita (kipima umeme). Usiridhike na jumla ya zote nane, maana saba nzima huficha moja mgonjwa. Betri iliyojaa husoma karibu volti 6.37, iliyobaki nusu, karibu 6.05. Ukikuta moja iko kwenye 4.2 hivi, seli yake moja kati ya tatu imekufa.

Zikilingana zote, bado usizitangaze kuwa nzima. Pakia mzigo, panda mlima hadi gari lianze kuchoka, simama, kisha pima zote haraka kabla hazijajirudi. Saba zikisoma 6.1 na moja 5.6, umeshaipata.

Thibitisha kwa haidromita, kifaa kinachopima uzito wa maji ya betri ukilinganisha na maji ya kawaida. Kwangu hiki ndicho kipimo cha mwisho, kuliko mita yoyote ya kwenye dashibodi. Nunua ya kioo yenye namba. Zile za vidude vya rangi hazikuonyeshi tofauti ndogo, na tofauti ndogo ndiyo unayoitafuta. Vaa miwani na glavu. Vuta na kurudisha maji mara kadhaa ndipo usome, uyarudishe kwenye seli ileile, na uandike seli zote 24. Seli iliyojaa hukaribia 1.277, nusu ni kama 1.172. Usipime baada ya kuongeza maji kabla ya kuchaji tena: maji mapya huelea juu ya asidi, na utailaani seli isiyo na kosa. Joto nalo hubadilisha namba: kwa kila nyuzi 5.5 juu ya 27, ongeza 0.004, chini ya hapo, punguza vivyo hivyo.

Tofauti kati ya seli ikizidi 0.030, endelea hatua ya 4 kabla ya kununua chochote.

4. Kusawazisha

Hii ni chaji ya ziada ya makusudi, ili seli zote zilingane. Tumia chaja yenye kazi hiyo, baada ya chaji ya kawaida kuisha. Pima kila saa. Namba zisipopanda tena, zima. Seli iliyobaki nyuma hata hapo imeharibika. Dawa za chupa za "kufufua betri" sizitumii wala sizishauri.

5. Kubadilisha

Kama betri nyingine bado ni changa, badilisha ile moja kwa aina na ukubwa uleule. Kama zote zimezeeka, mpya itachoshwa na wakongwe, kwa hiyo tafuta iliyotumika iliyo nzima, au ubadilishe zote. Safisha vichwa vya betri kwa bikaboneti ya soda na maji huku vifuniko vimefungwa, kaza nati, paka vaselini.

Ya zamani usimpe mtu wa kuyeyusha risasi uani. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, watoto waliathirika kwa risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri. Mrudishie muuzaji, au mkusanyaji mwenye kibali.

Kama zako ni za lithiamu

Hatua za 2, 3 na 4 hazikuhusu. Usiazime chaja ya betri za maji, maana ile hatua ya kusawazisha huziumiza. Na gari likilala msimu mzima, betri za maji ziache zimejaa na uzichaji kila baada ya wiki nne hivi. Za lithiamu ziache kwenye nusu na uchomoe chaja.