Kutunza kofia nyumbani Goma: burashi kwanza, maji mwisho

Kofia nyingi haziharibiwi na uchafu, zinaharibiwa siku ya kufuliwa. Kofia ya felti, ile ya manyoya yaliyoshindiliwa, inatumbukizwa kwenye beseni la sabuni ya unga, inasuguliwa, inaanikwa juu ya bati jua la saa saba, na jioni haiingii tena kichwani. Kwa hiyo hapa tunaanza na burashi kavu. Maji yatafuata baadaye, tena kwa kofia zile tu zinazoyavumilia.

Goma ina sababu yake ya ziada. Vumbi letu si udongo, ni jiwe la volkano. Lava ya Nyiragongo iliyopita katikati ya mji Januari 2002 inasagwa mpaka leo na magurudumu ya magari na pikipiki, na vumbi lake jeusi lina punje ngumu zenye kingo kali. Punje hizo zikiwa kavu zinadondoka kirahisi. Ukizilowesha na kusugua, zinakata nyuzi, zinazama ndani, na weusi hautoki tena. Geuza kofia mdomo chini, ipigepige kwa vidole kwa upande wa ndani, kisha pitisha burashi laini. Fanya hivyo kwa kofia ya aina yoyote, hata ile unayokusudia kuifua.

Maji nayo yana mambo yake. Maji ya Ziwa Kivu yana madini mengi, hasa magnesi, kwa hiyo sabuni ya kipande inagandana nayo na kuacha utando wa kijivu kwenye kitambaa. Kwa kofia tumia shampoo au sabuni ya unga, na usuuzaji wa mwisho fanya kwa maji ya mvua ikiwa unayo. Usipokuwa nayo, tia vijiko viwili vya supu vya siki nyeupe katika lita 5 za maji ya mwisho. Siki inayeyusha ule utando na harufu yake inaisha kofia ikikauka.

Ijue kofia kabla ya kuilowesha

Lebo ikiwepo, isome. Kwenye mitumba mara nyingi imekatwa, basi jaribu mwenyewe. Chomoa uzi mfupi sana kutoka mshono wa ndani, ushike kwa koleo, uchome. Sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika. Akriliki na poliesta zinayeyuka na kuacha tone gumu. Kofia ya majani ichunguze kwa ncha moja ya jani iliyojitokeza ndani: ilowanishe na uisokote. Ikichanika laini, hiyo ni karatasi iliyosokotwa, na karatasi haifuliwi kamwe. Kwa kaskete, yaani kofia yenye mdomo wa kukinga jua mbele, gongagonga mdomo huo kwa ukucha na uupinde kidogo. Plastiki inarudi yenyewe, kadibodi inabaki na alama. Kaskete ya kadibodi inafutwa kwa kitambaa chenye unyevu tu, kwa sababu mdomo ukishalowa hakuna namna ya kuunyoosha.

Felti

Felti ni manyoya ya kondoo au ya sungura yaliyoshindiliwa kwa mvuke mpaka yakashikana bila kufumwa. Umbo lake linashikiliwa na dawa ya kukazia iliyotiwa kiwandani. Maji ya moto yanailegeza dawa hiyo, na msuguano unayafanya manyoya yaendelee kushikana, ndiyo maana kofia inalegea na kusinyaa kwa wakati mmoja.

Burashi iwe ya nywele za farasi au nyingine laini ambayo haijawahi kugusa dawa ya viatu. Weka moja ya kofia nyeusi na nyingine ya kofia za rangi nyepesi. Fuata manyoya yanakolala. Kwenye kofia nyingi, ukitazama kutoka juu, yanalala kinyume cha mwendo wa saa. Piga mikupuo mifupi: ukingo wa juu, kichwa cha kofia, halafu chini ya ukingo. Dakika tatu kila baada ya kuivaa zinazidi usafi wowote mkubwa wa mwisho wa mwaka.

Mafuta ya vidole yanakusanyika mbele, pale watu wanapobana kofia wakiivua. Nyunyiza kijiko kimoja cha chai cha maizena (wanga wa mahindi) juu ya doa, ibonyeze kwa kidole, iache usiku mzima, kisha ipige burashi. Rudia mara mbili au tatu kabla ya kufikiria dawa nyingine. Kwenye felti nyeusi jaribu kwanza chini ya ukingo kwa nyuma, kwa sababu unga unaweza kubakiza weupe. Na acha kubana kichwa cha kofia: pale panapokunjwa kila siku ndipo panapopasuka. Ishike kwa ukingo, mikono miwili, mbele na nyuma.

Adui mkubwa ni jasho. Chumvi yake inapenya kutoka mkanda wa ndani hadi kwenye utepe wa nje na kuchora mstari mweupe ambao ni vigumu mno kuutoa. Siku ya joto, ukifika nyumbani, geuza ule mkanda utoke nje na uuache hivyo mpaka ukauke. Mara moja kwa mwezi ufute kwa kitambaa kilichokamuliwa sana katika glasi ya maji yenye matone mawili ya shampoo, ufute tena kwa kitambaa cha maji matupu, uuache umegeuzwa kwa muda wa saa tatu au nne. Ukiwa wa ngozi usitumie spiriti, inaikausha na kuipasua.

Ikinyeshewa, ikung'ute, nyoosha mabonde kwa mkono, toa mkanda wa ndani nje na uisimamishe kofia juu ya huo mkanda ili ukingo usiguse meza. Iache saa 24 chumbani penye hewa. Usiisogeze karibu na jiko la makala hata ukiwa na haraka ya harusi: mkanda wa ngozi unasinyaa kabla ya felti, unaivuta, na kofia inapungua kipimo. Burashi ipite ikishakauka kabisa.

Ukingo uliopinda unanyooshwa kwa mvuke wa birika. Ishike kofia sentimita 15 hadi 20 juu ya mvuke, izungushe kwa sekunde 5 hadi 10, itoe, iumbe kwa vidole na uishikilie mpaka ipoe. Umbo linakaa wakati wa kupoa, si wakati wa moto. Mvuke ukizidi, felti inalegea, kwa hiyo ni afadhali kurudia mara nne kidogo kidogo.

Kaskete

Hizi zinafulika, ila si ndani ya rundo la nguo. Bonyeza kitambaa cheupe chenye maji upande wa ndani kwa dakika moja. Kikichukua rangi, fua kwa maji baridi na usiiloweke kofia. Imani ya kutia chumvi ili rangi isitoke haisaidii kwa rangi za viwandani, usipoteze chumvi yako.

Kitambaa kisipochukua rangi, tia lita 4 za maji ya uvuguvugu na kijiko kimoja cha supu cha sabuni ya unga. Loweka dakika 20. Maji ya moto yanagandisha jasho kwenye uzi, na manjano inabaki. Mkanda wa jasho usugue kwa mswaki laini, sehemu ya mbele kwa sponji tu, maana nyuma yake kuna kitambaa kigumu kilichogundishwa ambacho kikikunjwa kinatoa viputo. Suuza mara tatu. Usikamue, ifungie ndani ya taulo na uibonyeze. Kisha ivalishe juu ya bakuli lenye kipimo cha kichwa na uianike kivulini. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari na jua lake linafifisha rangi haraka.

Manjano ya jasho kwenye kaskete nyeupe ya pamba itolewe hivi: vijiko viwili vya supu vya bikarbonati na kimoja cha maji ya oksijeni ya volyumu 10 kutoka famasi, uji mzito, dakika 30, kisha suuza. Javeli, ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, iache kabisa. Inageuza poliesta kuwa ya manjano zaidi, inakula lastiki, na sufu inaiyeyusha.

Kofia za majani

Futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, ukifuata msuko. Ile inayoitwa Panama, ambayo asili yake ni Ecuador, inavunjika ikikauka mno. Kabla ya kuinyoosha ipulizie maji kama ukungu na usubiri dakika kumi. Usiitundike msumarini, tundu la msumari linaanza kama kidoa na linaishia kuwa mpasuko.

Kofia za darizi

Kofia za pamba zenye vito (vitundu vidogo vya darizi), zinazovaliwa msikitini na kwenye sherehe, zinafuliwa kwa mkono na maji baridi, bila kusugua nyuzi za darizi. Ugumu wake unarudishwa kwa wanga wa muhogo. Unga wa fufu haufai, kwa kuwa una nyuzinyuzi. Koroga kijiko kimoja cha supu cha wanga katika nusu glasi ya maji baridi, mimina ndani ya nusu lita ya maji yanayochemka, koroga mpaka uji uwe wazi, uchuje. Usipouchuja, madonge yanaacha madoa meupe kwenye vito. Ukipoa kuwa vuguvugu, tumbukiza kofia, ibonyeze, na uivalishe kwenye kopo au sufuria ya kipimo chake iliyofungwa kwa plastiki, ili kutu isiiguse. Pasi ipite juu na kwenye ukuta wake kabla haijakauka kabisa. Ikiwa hutaivaa kwa miezi, ifue kwanza wanga utoke, kwa sababu mende wanaula pamoja na kitambaa.

Kofia za sufu za kufuma zioshe kwa maji baridi na shampoo kidogo, dakika kumi, na uzitandaze juu ya taulo. Ukizitundika zinarefuka.

Kofia za mama za harusi na kanisa, zenye manyoya ya ndege na maua, zimegundishwa kwa gundi na hazigusi maji. Tumia pinseli mpya ya rangi, laini na kavu, kutoa vumbi kati ya petali. Poda iliyoshika ukingo wa ndani itolewe kwa maizena kama kwenye felti. Kwenda nazo juu ya pikipiki bila boksi ni kuzitoa kafara kwa vumbi na upepo.

Kuzihifadhi

Kila kofia yenye ukingo ilale juu chini, ikikaa kwa kichwa chake. Ikikaa kwa ukingo, ukingo unanyooka. Jaza ndani karatasi nyeupe, kwa kuwa wino wa gazeti unahamia kwenye kitambaa. Msimu wa mvua tia vifuko vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na ufungue boksi kila wiki mbili. Nafutalini ifunge ndani ya kitambaa ili isiguse felti. Ukiona ukungu, toa kofia nje ya nyumba, ipige burashi ukiwa umefunika pua, iache hewani siku nzima, na boksi lile usilitumie tena.