Somo: Kumpiga picha swila wa maji, Ziwa Tanganyika

Wageni wanaokuja Kigoma kutafuta nyoka hukimbilia msitu wa Gombe. Mimi naanzia kwenye mawe ya ufukweni. Huko yuko swila wa maji, mwenye sumu kali lakini asiye na haja na mtu: chakula chake ni samaki.

1. Mjue. Mwili wa kahawia, shingoni pete nyeusi mbili au tatu. Mkubwa hupita mita mbili. Ziwani yupo pia nyoka mdogo wa kahawia asiye na sumu wala pete hizo, ila usisogee kuhesabu pete. Hesabu kwa darubini.

2. Mvizie. Tafuta mawe yenye mianya inayoingia majini, au gati kuukuu. Fika asubuhi, kaa kitako. Kuongea si tatizo sana. Mtikisiko wa hatua ndio unaomkimbiza.

3. Usimzibie njia. Hapa ndipo wengi hukosea. Maji ndiyo mlango wake. Mara yangu ya kwanza nilishuka hadi ukingoni, naye akatokea nyuma yangu. Akapita hatua moja tu kutoka kwenye kandambili zangu (ndiyo, kandambili, siku hizi navaa buti). Picha niliyopata ni ya mawingu. Kaa upande wa nchi kavu. Ufukwe wetu uko mashariki ya ziwa, kwa hiyo asubuhi jua nalo litakuwa mgongoni kwako.

4. Piga. Umbali usipungue mita nne, lenzi ya milimita 300, spidi 1/1000, maana akizama haagi. Subiri, ataibua kichwa avute pumzi.

Maswali

*Mvuvi, Kibirizi: Tukimkuta wavuni?*
Ndugu yangu, usimguse hata akionekana amekufa. Shusha ukingo wa wavu majini kwa kafi, atoke mwenyewe.

*Mama, Ujiji: Shikamoo mwalimu. Akiuma, tufunge kamba?*
Marahaba mama. Hapana. Msifunge, msichanje, msinyonye. Sumu yake hushika mishipa ya fahamu: kope hulegea, pumzi huwa nzito. Kutosikia maumivu makali kusiwadanganye. Mgonjwa atulie, kiungo kisichezeshwe, apelekwe hospitali ya Maweni papo hapo.

*Nina simu tu.*
Inatosha. Weka mbele yake miwani ya jua inayokata mng'aro, izungushe taratibu mpaka uone mawe ya chini ya maji. Rekodi video, kisha chagua picha humo. Jirani yangu hunishinda kwa mbinu hiyo, na bado sijamsamehe.