Mishubiri adimu ya kusini mwa Afrika: kabla ya kumwagilia uliza kwanza mvua ya kwao

Kama umezoea ile alovera isiyokufa hata ukiisahau mwezi mzima, mishubiri hii, ndugu zake adimu, ni shule nyingine kabisa. Mi nimeua kadhaa kabla sijaelewa kwamba swali la kwanza si "nimwagilie mara ngapi", ni "huko kwao mvua inanyesha lini".

Maana kule kusini mvua hazifanani. Upande wa magharibi, kuanzia Rasi (Cape) ya Afrika Kusini kupanda hadi Richtersveld mpakani na Namibia, mvua nyingi inakuja majira ya baridi na joto linakuwa kavu, wakati upande wa mashariki na nyanda za juu ni kinyume chake. Sasa mimi nilikuwa na mche wa Aloidendron pillansii, mti mkubwa wa huko Richtersveld ambao porini umebaki mchache sana, joto lilipopanda nikauona umenyong'onyea nikauonea huruma nikawa naumwagilia kila siku mbili. Kumbe ulikuwa umepumzika tu kusubiri joto lipite, jamani. Siku naugusa ukabaki mkononi, shina chini limekuwa laini kama ndizi iliyopitiliza, na harufu yake sisemi. Kwa hiyo wa magharibi mpe maji kipindi cha ubaridi, joto kali likija mwache. Wa mashariki, mfano Aloe peglerae wa milima ya Magaliesberg, yule wa majani yaliyojikunja kama ngumi, maji yake ni wakati wa joto, baridi akae mkavu kabisa.

Halafu kuna Aloe polyphylla ambaye kila mtu anamtaka. Huyu ni wa Lesotho, Wasotho wanamwita kharetsa, anakaa kwenye miteremko ya milima ya Maluti zaidi ya mita 2000 juu, ukungu na theluji anavijua vizuri. Ndo maana wengi wanamuua kwa kumfanyia kama mmea wa jangwani, yaani udongo mkavu na jua la kuchoma. Anachotaka ni mizizi yenye ubaridi na unyevu usiotuama, basi. Mpande kwa kumlaza kidogo kama yuko mlimani ili maji yasikae katikati ya majani. Na mche mdogo hauna ule mzunguko wa majani kama gamba la konokono, majani yanatoka ya kawaida tu, usikimbilie kusema umeuziwa feki, subiri miaka kadhaa ndo utaona mistari mitano inaanza kuzunguka, wengine kulia wengine kushoto.

Anza na mbegu. Mmea mkubwa wa bei ya kutupa ambao mizizi imekatwakatwa na majani yana makovu ya jua na mawe, huo umeng'olewa porini, na kharetsa aking'olewa kwa kawaida anakufa tu. Isitoshe jamii yote ya Aloe isipokuwa alovera iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na polyphylla na pillansii wako Kiambatisho cha Kwanza, ile orodha kali kuliko zote, kwa hiyo kuvusha mpaka bila vibali ni kesi. Nunua kwenye kitalu kinachootesha chenyewe.

Mbegu ziwe mpya, sia juu ya mchanga mkubwa uliochanganywa na pumisi (vijiwe vyepesi vya volkano) na mboji kidogo, usizizike sana, funika na kioo au nailoni. Zikichipua funua polepole, la sivyo fangasi watalaza miche yote usiku mmoja.

Ukiona uvimbe wa ajabu kwenye jani au ua, kama koliflawa, hao ni utitiri, hawaonekani kwa macho. Kata mpaka kwenye nyama safi, choma ulichokata, na kisu kipitishe kwenye spiriti kabla hujagusa mmea mwingine. Vidung'ata, vile vidudu vyeupe kama unga, wao ni rahisi, wafute kwa pamba na spiriti.

Ukitaka mbegu zako mwenyewe ujue mishubiri mingi haijizalishi peke yake, unahitaji mimea miwili ya spishi moja isiyokatwa kutoka kwa mama mmoja, unahamisha chavua kwa brashi kisha unafunika maua kwa wavu, maana nyuki akitoka kwa jirani unapata chotara. Na andika lebo siku hiyohiyo, jina, tarehe, mbegu ilikotoka, kwa penseli, kalamu ya wino jua linaifuta yote.